Tairi Lilinipita Gisozi, Likaingia Nyumba Niliyodhani Haina Mtu

Umeshawahi kupitwa na tairi la gari lako mwenyewe?

Mimi nimeshapitwa. Kigali, mteremko wa Gisozi, mwishoni mwa mwaka 1994.

Niko kwenye usukani, nateremka taratibu na mapipa matupu nyuma, mara naona tairi linanipita upande wa kulia. Linakimbia lenyewe, limenyooka, kama linawahi mahali.

Nikasema moyoni, maskini, kuna mwenzangu kapatwa na balaa.

Halafu pikapu ikaketi upande mmoja, chuma kikaanza kusaga barabara, grrrrr. Hapo nikajua mwenzangu ni mimi.

Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Nikazungusha usukani, pikapu ikajipigiza kwenye ukingo wa udongo, ikasimama.

Tairi halikusimama.

Liliruka mtaro, likatoboa uzio wa matete, likaingia kwenye ua wa nyumba moja ambayo nilikuwa napita mbele yake kila siku. Nilijua haina mtu. Madirisha yamefungwa, majani yamefika kiunoni. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi wakati ule.

Nikashuka, nikapenya kwenye tundu la uzio.

Tairi lilikuwa limelala chini ya dirisha, dramu ya breki bado inafuka moshi.

Dirisha likafunguka kidogo, upana wa vidole viwili. Sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiswahili:

"Leo umechelewa."

Aisee. Nywele zilisimama.

"Mama," nikasema, "unanijua?"

"Wewe sikujui. Gari yako ndiyo najua. Inalia. Inalia kama mutu iko na jino mbovu."

Dirisha likafungwa.

Ngoja niwaeleze mimi ni nani ili mnielewe.

Naitwa Mugenzi. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, ila mimi nimezaliwa Karagwe, Tanzania. Wao walikimbia kabla sijazaliwa. Mama yangu alikufa akinielezea milima ya kwao, mmoja mmoja kwa jina, kama watoto wake.

Vita na mauaji ya kimbari vilipokwisha, nikavuka mpaka wa Rusumo na pikapu niliyochanga na shemeji yangu. Nilikuwa narudi kwetu, mahali ambapo sikuwahi kufika.

Nilichokuta nadhani mnajua. Sitakieleza hapa.

Kila mtu Kigali alikuwa anatafuta wa kwake. Mimi sikuwa na wa kutafuta. Kinyarwanda changu kilinuka Karagwe, nikifungua mdomo tu mtu anatabasamu, ananiuliza kama nimetoka Tanzania, halafu anaendelea na safari yake.

Nikapanga chumba Kinamba, chini bondeni. Nilikuwa na sahani moja. Ilitosha.

Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Mabomba yalikuwa makavu, kwa hiyo najaza mapipa kwenye chemchemi asubuhi, napandisha Gisozi kwa watu waliokuwa wanarudi kwenye nyumba, nashuka, napanda tena. Kuna siku maneno niliyosema kuanzia kuamka mpaka kulala yalikuwa mawili tu: "jaza" na "shusha."

Pikapu ndiyo niliongea nayo. Na yenyewe ikaanza kunijibu.

Nguuuuu.

Sauti ilitoka nyuma, chini ya kiti hivi. Nikiongeza mwendo inapanda, nikipunguza inashuka. Niking'oa gia na kuiacha iteremke yenyewe, bado ipo. Kwa hiyo si injini. Dereva yeyote aliyeshika spana kidogo anajua hapo ni beringi ya tairi la nyuma au ni difu, zile gia za katikati ya ekseli.

Nilijua. Lakini spea hakuna, maduka yamevunjwa, mafundi wametawanyika. Nikaendelea kupanda na maji.

Mpaka tairi likanipita.

Basi, kesho yake nikamleta fundi. Aliitwa Théoneste, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, ndiyo kwanza amefungua kibanda Gatsata. Alipanda mlima kwa miguu na begi la spana begani.

Hakugusa kitu. Alipiga magoti, akanusa kwenye tundu la ekseli.

"Grisi iliungua," akasema. "Rulema ilikwama."

"Rulema?"

"Nyinyi wa Tanzania munaita beringi. Ilikwama, ikatoa moto, moto ikalainisha shafti, shafti ikakatika. Angalia."

Kwenye tairi kulibaki kisiki cha chuma. Kimekatika kama muwa, na pembeni kimegeuka rangi ya bluu kwa joto.

Kipande kilichobaki kilikuwa ndani ya ganda la ekseli. Tukakivuta nje kwa kulaani sana. Mafuta ya difu yakamwagika. Théoneste akayasugua katikati ya vidole, muda mrefu, macho kafumba.

"Laini. Hakuna chembe ya chuma. Difu iko mzima. Shukuru Mungu wako."

Akashuka Gatsata kutafuta shafti. Mimi nikabaki na gari, maana pikapu ikilala peke yake barabarani wakati ule, kesho unakuta madirisha tu.

Nikakaa pale. Mvua ya vuli yao ilikuwa inanyesha, jua linatoka, mvua inanyesha tena. Nimejikunja ndani ya gari lililolala upande mmoja kama mtu aliyelewa.

Nikasikia mlango.

Sikuona mtu. Niliona mkono tu, ukiweka sahani juu ya ukuta mfupi wa getini. Viazi vitamu na maharage. Vya moto.

Nikala. Nikaosha sahani kwa maji ya mvua, nikairudisha ukutani.

Jioni mkono ukaja kuichukua.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nikasema kwa sauti, "Murakoze, mukecuru." Yaani asante, mama, kwa heshima ya mtu mzima.

Mkono ukasita.

"Kinyarwanda yako mubaya," sauti ikasema. "Ongea Kiswahili. Mimi nilikaa Nyamirambo zamani, nikiwa musichana. Niliuza maandazi kwa Waswahili."

Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Kidogo kidogo akatoka. Kwanza alisimama mlangoni. Halafu kizingitini, na kigoda. Mama mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, sweta ya kiume yenye mikono mirefu kuliko yake. Jina lake Xavérine.

Nilimuuliza swali lililokuwa linanikaa kooni.

"Mukecuru, uliwezaje kujua gari langu bila kuliona?"

Alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Nikadhani nimekosea.

"Ile wakati," akasema, "mimi nilikuwa juu, ndani ya dari. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Magari yanapita, yanapita. Gari ikipita, sawa. Gari ikisimama..."

Akaangalia geti.

"Moja ikasimama hapa. Mume wangu, na watoto wawili wanaume. Nilisikia mulango ya gari inafunguka. Nikasikia inafungwa. Ikaondoka."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati.

"Sasa nikishuka kutoka dari, masikio haikushuka," akaendelea. "Kila gari napima. Hii itapita ao itasimama? Yako ilianza kuja, inalia vile. Kila siku inapanda, inashuka. Haikusimama hata siku moja. Nikaizoea. Ikilia asubuhi, najua kumekucha, nawasha moto. Ikilia jioni, nafunga mulango."

Jamani.

Mimi nilikuwa napanda ule mlima nikidhani hakuna kiumbe Kigali nzima anayejua kama nipo. Kumbe nyuma ya matete kuna mtu anawasha moto wake kwa kunisikia.

Niliangalia pembeni nikajifanya nakagua springi.

Théoneste alipata shafti na beringi, vya zamani lakini vizima. Tukafunga, tukabadilisha sili, tukarudisha dramu na kutoa upepo kwenye breki. Mukecuru Xavérine alikaa kizingitini akitutazama. Nilipowasha na kuondoka akapunga mkono, mkono wote wa sweta ukapepea.

Nikarudi kwenye maji. Kila nikipita pale naegesha mbali kidogo, juu ya kona, nakwenda kumsalimu kwa miguu. Pale getini hapakuwa na nafasi, mvua ilikuwa imekata barabara. Nilidhani ubaya wa barabara ndio sababu pekee ya kutosimama getini.

Haikuchukua muda, nikasikia tena.

Nguuuu. Nyembamba, lakini ni ile ile.

Nikampelekea Théoneste gari Gatsata, nimefura.

"Umenifungia beringi mbovu!"

Hakugombana. Alichukua uzi wa kushonea magunia, akaufunga kwenye tairi la mbele, akauvuta mpaka la nyuma. Upande wa kushoto uzi ukagusa tairi mbele na nyuma, sawasawa. Akahamia kulia. Uzi ukagusa sehemu moja tu, kwingine kukabaki mwanya wa kuingiza kidole.

"Unaona?"

"Naona."

"Ganda yenyewe ya ekseli imepinda. Ni ile maji yako, mapipa juu ya mapipa, na mashimo ya Gisozi. Shafti inazunguka ikiwa imelala upande. Unaweza kubadilisha rulema mpaka uzeeke, hii itakula zote."

"Tukiinyoosha kwa moto?"

"Tutainyoosha leo, itapinda kesho. Tafuta ekseli nzima."

Kupata ekseli nzima Kigali ya wakati ule kulimaanisha kitu kimoja tu. Kutafuta gari ambalo halitamrudia mtu.

Tulilipata njia ya Kanombe, kwenye mtaro. Pikapu kama yangu, rangi tu tofauti. Mbele imepondeka, nyuma nzima. Tuliuliza majirani ni ya nani. Walitikisa vichwa. Tukauliza kwa kiongozi wa mtaa, akasema ndugu wa mwenyewe hajatokea, chukueni, likae lioze kwa faida gani.

Théoneste alivua kofia kabla ya kutoa spana. Tukafungua bolti kimya kimya. Hakuna aliyepiga mluzi, na yule bwana akifanya kazi alikuwa haachi kupiga mluzi.

Kuifikisha Gatsata, kuiosha, kuipima kwa uzi, kubadilisha mafuta, kuifunga, kulichukua siku nyingi. Mvua ilitukatisha mara kwa mara. Nililala kibandani kwa Théoneste ili kazi isilale.

Kupanda Gisozi sikupanda hata mara moja. Nilisema, nitakwenda nikimaliza. Nitamshangaza mukecuru.

Siku tuliyomaliza, nikaenda kuijaribu barabara ya Nyabugogo. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kimya.

Unasikia upepo na kokoto zikirushwa na tairi, basi. Théoneste akaweka sikio karibu na kiti, akatabasamu kama bwana harusi.

"Mugenzi, sasa unaendesha gari."

Nilifurahi, siwezi kukataa. Nikanunua sukari na kipande cha sabuni. Nikapanda Gisozi moja kwa moja. Njiani nikawa napanga nitakavyomwambia. Barabara ilikuwa imekauka, wameitengeneza, kwa hiyo nikafika mpaka mbele ya geti lake.

Nikasimama. Nikafungua mlango wa gari. Nikaufunga.

"Mukecuru!"

Hakuna.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Nikaingia uani. Kigoda kimepinduka. Jikoni moto unawaka, sufuria ya maharage inachemka na kumwagikia majivu. Kiatu kimoja cha plastiki kizingitini, kingine hakuna.

Ndipo akili yangu ilipofika, imechelewa kama kawaida ya akili.

Gari lisilojulikana. Limepanda kimya. Limesimama getini. Mlango umefunguka, mlango umefungwa.

Nilikaa chini pale pale, sukari mkononi. Nilikuwa nimetumia juhudi zangu zote kumjia yule mama kwa sauti ile ile iliyomchukulia watu wake.

Nikaita tena. "Mukecuru, ni mimi Mugenzi!" Sauti yangu yenyewe ikaniogopesha. Mwanamume anaita jina uani kwa mtu. Mumewe na wanawe nao waliitwa hivyo hivyo, si ajabu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la migomba, linateremka mpaka bondeni. Niliona jani limevunjika. Nikajua yuko humo, amejilaza mahali, ameziba mdomo kwa mkono.

Nikiingia kumtafuta, namuua kwa hofu. Nikiondoka, gari linaondoka kama lile lililoondoka.

Nilisimama ukingoni mwa migomba.

Halafu, msinicheke, nikafungua mdomo.

"Nguuuuuuu."

Mtu mzima, ndevu kidevuni, nimesimama shambani naunguruma kama beringi iliyokufa.

"Nguuuuu... nguuuuuu..." Nikapandisha kama ninapanda mlima. Nikashusha kama nateremka kona. Nikatembea hatua chache pembeni, nikapumua, nikaanza upya. Machozi yalikuwa yananitoka na pua imejaa, sauti inatoka ya ajabu sana.

Niliunguruma mpaka koo likawaka.

Kisha kutoka chini kabisa, kwenye migomba, sauti ndogo ikasema:

"Hiyo haiko sawa."

Nikanyamaza.

"Unaweka juu sana. Yako ilikuwa chini. Anza chini."

Nikaanza chini. "Nguuuuu."

"Eeh. Hiyo ndiyo."

Akatokea. Matope mpaka kifuani, kitambaa hakipo, mguu mmoja hauna kiatu. Alinitazama mimi, akatazama pikapu kupitia kwenye tundu la uzio, akanitazama tena. Nikaona mabega yake yanatetemeka. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mgomba. Halafu kweli akalia, na nikamshika, na nilikuwa sijamgusa mtu tangu nivuke mpaka, acha mkono wa kusalimiana. Tukakaa matopeni pale, maharage yanaungua.

"Umeitengeneza," akasema.

"Nimeitengeneza, mama."

"Sasa mimi nitakujua namna gani?"

Nilikuwa nimefikiria shafti, beringi, sili, uzi, kila kitu isipokuwa hilo.

Jibu alilitoa mwenyewe. "Usilete gari kwa mulango. Acha kule chini. Uje kwa miguu, unasema jina yako toka mbali. Mutu anayekuja kwa miguu, anasema jina yake, huyo haniogopeshi."

Nilifanya hivyo. Naacha gari chini kwenye kona, napanda nikisema, "Mugenzi huyo anakuja! Mugenzi wa Karagwe!" Majirani wapya walipohamia, walidhani nina kasoro kichwani. Baadaye na wao wakaanza kuita majina yao kabla ya kufika kwake. Watoto wao wakafanya mchezo. Ukiwa mbali unasikia majina tu yanapanda mlima.

Pikapu niliiuza miaka mingi iliyopita. Ekseli haikunisumbua tena.

Mukecuru Xavérine alifariki kitandani kwake, mzee, watu wamejaa mpaka barabarani. Siku ya mazishi padri aliuliza ndugu wa marehemu wako wapi, wasogee mbele. Nilibaki nyuma, mimi si ndugu. Mwanamke mmoja jirani akanisukuma mgongoni kwa nguvu, akasema kwa sauti, "Huyu hapa mtoto wake."

Nikasogea.

Nimeandika haya kwa sababu najua humu wamo watu waliotengeneza maisha yao wakanyamaza kimya. Umepata kazi, umepona, umeacha pombe, umehama mji. Vizuri sana. Lakini kuna mtu mahali fulani anakujua kwa sauti yako ya zamani, ile ya mateso. Akiikosa hatasema fulani amepona. Atasema fulani hayupo tena.

Nenda kwake leo. Shuka mapema, tembea, na useme jina lako ukiwa bado mbali.